Pingili za Mtini Mweusi

Kakese, Mpanda
Jumatatu

Kaka Yotham,

Shikamoo. Nakusalimu wewe, wifi Rosine na watoto, na poleni na baridi ya huko Njombe. Mimi ni mzima. Mvua zimeshika na mahindi yamefika magotini. Mama bado yuko Karema kwa mama mdogo, mguu wake unaendelea vizuri.

Juzi ulinipigia simu ukasema mitini uliyopanda siyo ya mti mweusi wa marehemu baba. Majani ya ule unayakumbuka, yamechanika kama vidole vitano, lakini haya ni mapana, yana pembe tatu tu. Ukasema umemfukuza Nashon, kijana wako wa kazi uliyemtuma kwangu mwezi wa saba kuchukua pingili. Unaamini aliziuza njiani akakuletea nyingine, na Ijumaa unampeleka kwa mwenyekiti wa kijiji. Nikajibu mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao haukuwa na shida. Tangu juzi nashika simu, naiweka, ndiyo maana naandika.

Majani umeyasoma sawasawa. Hiyo ni mitini ya kijani, ya ule mti wa nyuma ya bafu. Tini zake zina tundu wazi kwa chini, mvua ikiingia zinachacha mtini kabla hazijaiva. Kwa manyunyu ya huko hutakula hata moja. Tini za mweusi tundu lake limefumba, na ndiyo sababu uling'oa viazi ili uupande huo.

Lakini Nashon hakuuza kitu.

Mwezi wa tano nilikwenda mnadani nikasahau kufunga lango. Ng'ombe wa jirani yetu Mabula wakaingia, wakatafuna gome la mtini mweusi kuzunguka shina lote. Nililikandika udongo, nikafunga matambara, nikamwagilia kila siku. Ukakauka. Na baba, siku zile za mwisho, alikuwa ameniambia, "Dorice, mti huu nakuachia wewe."

Nashon alipofika, mti wa kijani ulikuwa umepukutisha majani, na pingili tupu hazitofautiani kwa macho. Nilikata za huo, nikazifunga kwa kitenge kilicholowa, nikamwambia azitunze maana ni za baba. Alizipakata kwenye pikipiki mpaka stendi.

Wiki iliyopita nilikwenda Karema kutafuta mwingine. Nimeuona mti wenye majani ya vidole vitano, lakini sitakata tawi mpaka niuone ukizaa. Sitakutumia tena kitu nisichokuwa na hakika nacho.

Barua hii anakuletea Pelagia, anaondoka na basi la kesho. Naomba uisome kwa sauti mbele ya mwenyekiti, Nashon akiwepo, usiruke mstari. Baadaye ukinikasirikia ni haki yako. Mama nitamwambia mwenyewe.

Wifi na watoto uwafikishie salamu zangu. Jina nimeliandika lote, mwenyekiti asije akasema barua haina mwenyewe.

Mdogo wako,
Dorice Oswaldi