Boti Hutema, Lori Hunywa

Mpendwa Baba,

Salamu zikufikie huko uliko, na Mola akulaze pema. Nakuandikia nikiwa Malindi, kwa shangazi Rukia, dada yako, kwenye meza yake ya kulia chakula. Kabla sijasema lolote nataka ujue kwamba nimeitoa feni yako. Ile ya mkanda, iliyokuwa ikinguruma mbele ya injini tangu mimi mtoto. Nimeitoa nikatia ya umeme. Basi, nimesema. Ungekuwa hai nisingethubutu kukuambia ana kwa ana, ningemtuma Mama.

Wanijua. Mimi ni mwoga wa kuzaliwa. Ulikuwa ukinitania mbele za watu pale gatini Mokowe, "Huyu Shee huogopa hata kivuli cha punda," nao wakicheka na mimi nikicheka nao, kwa kuwa niliogopa kutocheka. Ulipofariki watu wote wa Amu walidhani nitaliuza lori. Sikuliuza. Wengine walisema ni ushujaa, lakini ukweli ni kwamba kuliuza pia niliogopa.

Nakumbuka zile alfajiri zetu. Tunavuka kutoka kisiwani Amu kwa boti ya kwanza, wewe na chupa yako ya kahawa, mimi na mkate wa mofa mkononi. Tukifika Mokowe unaliwasha lori, halafu hupandi. Unazunguka mbele, unatoa mfukoni kile kitambaa chako, kipande cha leso kuukuu, unakishika kwa vidole viwili mbele ya wavu wa lori. Kitambaa kinavutwa, kinaganda kwenye wavu kama kimetiwa gundi. "Lavuta," unasema. Ndipo unasoma dua ya safari, ndipo tunaondoka. Kila siku ya Mungu, hata siku ya mvua.

Siku moja nilikuuliza kwa nini usiitazame tu feni yenyewe ikizunguka. Wewe ulikuwa umetengeneza mashine za boti miaka mingi kabla hujagusa lori, na uliniangalia kama mtu aliyekuwa akilingoja swali hilo. "Boti lina bahari tini yake," uliniambia. "Lateka mai, lapoa, layatema. Kwa hiyo boti tazama litemapo. Lori halina bahari, lina pepo zivumazo, na pepo huzinwa kwa mbele, lazivuta ndani. Boti hutema, lori hunwa. Usitanganye." Nilitikisa kichwa kukubali, nikamalizia mkate wangu, na maneno yale nikayaweka mahali nisipoyatafuta tena.

Nilichokishika mimi ni mngurumo. Feni yako ilikuwa na sauti, Baba, na mimi nililiendesha lori kwa sauti ile zaidi ya macho. Ilikuwa kama mkoromo wako chumba cha pili nilipokuwa mdogo: madhali nausikia, najua upo. Nikipita ule msitu baada ya Witu, pale ambapo madereva hatusimami hata tairi likilia kwa kuogopa kuvamiwa, nilikuwa nazima redio niisikilize feni.

Mwaka huu ilikufa. Shina lake lililegea, panga moja likaiguguna rejeta, maji yakamwagika yote. Nilishukuru ilitokea pale mji wa Hindi, kati ya watu na maduka. Fundi Athmani wa Mbwajumali, yule mwenzako wa mashine za boti, siku hizi ana banda lake Mokowe na hutengeneza chochote chenye injini. Aliziba rejeta, akatafuta shina jingine la feni mpaka akachoka. Mwisho akaja na feni ya umeme aliyoitoa kwenye gari lililokufa.

"Shee, hii ndiyo ya kisasa," aliniambia. "Yajiwasha yenyewe, yajizima yenyewe. Injini ikiwa baridi yalala, ikipata moto yaamka."

Hicho hasa ndicho nilichokiogopa. Feni yako ilizunguka injini ikizunguka, haikuwa na hiari. Hii ina akili yake, na mimi sikuwahi kumwamini mwenye akili yake akiwa kimya. Lakini lori lilikuwa limekaa, na Mama alikuwa na miadi ya jicho Malindi. Nikakubali.

Siku ya kuijaribu tulijaa mbele ya lori kana kwamba kuna arusi: Athmani, mimi, na manahodha wawili wa boti za abiria waliotoka gatini kuja kuona. Injini ikaachwa ijipashe. Mshale wa joto ukapanda, ukapita nusu, na mimi tayari natamani kukimbia. Mara ikalia tik, na feni ikaamka. Sote tukanyoosha mikono mbele ya wavu. Upepo wa moto ukatupiga viganjani.

"Huo, watoka!" akasema Athmani.

"Watoka sawasawa, kama boti langu," akasema nahodha mmoja.

Mshale ukashuka. Tukasema alhamdulillahi, tukaenda kunywa kahawa. Baba, tulikuwa watu wanne wa baharini, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza upepo ule ulipaswa kwenda wapi.

Mama alikataa basi katakata. Mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, anaona vivuli tu, lakini ulimi wake mzima. "Sipandi basi la watu na mume wangu ameniata na gari," alisema. Nikampandisha kabini na tasbihi yake, nyuma tumejaza nazi za Hindi mpaka juu.

Alfajiri ile nilifanya ulivyokuwa ukifanya. Nilikitoa kitambaa chako chini ya kiti, nikakishika mbele ya wavu. Kikaning'inia. Hakikuvutwa, hakikusukumwa, kilining'inia tu. Nikakishika tena, kikaning'inia vile vile. Halafu nikajiambia, we mjinga, injini ni baridi, feni imelala, Athmani si alikwambia? Nikakitia kitambaa mfukoni. Nikasoma dua kwa haraka, nikapanda.

Mpaka Witu mshale ulikaa juu kidogo ya ulivyozoea. Nikasema ni jua. Tulipouingia msitu ukaanza kupanda, polepole, kama mtu asiyetaka kuonekana. Nikapunguza mwendo, ukapanda. Nikaongeza mwendo lori lipate upepo, ukapanda zaidi. Hilo halikuniingia akilini hata kidogo. Nilitega sikio nisikie chochote mbele na sikusikia ila injini na tairi. Mikono ilikuwa imelowa mpaka usukani unateleza. Nilihesabu: nikiendelea injini itakwama, na ikikwama hapa tutalala hapa. Nikisimama nimesimama pale pasiposimamwa, na mamangu haoni njia wala mti.

"Wanyamaa sana yeo," Mama akasema.

"Hapana neno, Mama."

"Mato yangu mabovu, pua yangu nzima. Gari lanuka mpira."

Nikasimama.

Lori moja lilikuwa nyuma yetu. Lilipiga honi, likatupita, likaenda zake, na sikumlaumu dereva. Mimi pia nimewahi kumpita mtu hapo, Baba, mtu aliyeinua mikono yote miwili, na sikukuambia. Nilimfikiria mtu yule. Nilitamani kujua kama alifika.

Nilizima injini, ufunguo nikauacha nusu, umeme usikatike. Msitu ukanyamaza. Na katika ukimya ule, kwa mara ya kwanza, niliisikia feni mpya. Ilikuwa inazunguka. Ingalikuwa imekufa ningalijua pa kuanzia, waya ama fyuzi. Lakini feni nzima, maji yamo, mkanda wa pampu umekaza, na mshale uko kwenye nyekundu! Nilisimama nimeshika mlango kama mtoto, nikakuita. Nilikuita kwa sauti, Baba, sioni haya kukuambia.

Hapo tukasikia pikipiki inakuja. Ilipokata kona ikasimama mbali, hatua kama mia. Mtu mmoja, mitungi miwili ya maziwa nyuma yake. Hakusogea. Tulitazamana hivyo, mimi nikiona mwisho wangu, na sijui ilinichukua muda gani kuelewa kwamba yeye ndiye anayeniogopa mimi. Mama alikwisha shuka kwa kupapasa. Akavua leso yake ya juu akaipunga. "Salamu alekum! Sisi watu wa Amu, gari limetemka, lina moto!" Yule bwana akatupita mbio amelala juu ya usukani wake, akaitikia salamu akiwa ameshafika mbele.

Mama akacheka. Akaja akigusa ubavu wa lori mpaka mbele, akasimama hapo mbele ya wavu. Akageuza uso huku na huku.

"Shee," akasema, "mbona gari la babako lanitemea?"

"Lakufanya nini?"

"Upepo wa moto wanipiga usoni. Kwa babako halikuwa likitema. Leso zangu alikuwa akinichania, lazivuta."

Hapo ndipo maneno yako yaliponirudia, na ladha ya mkate wa mofa pamoja nayo. Boti hutema, lori hunywa. Kule Mokowe tulikuwa tumelipima lori kama boti. Feni ilikuwa inazunguka kinyume, inasukuma upepo kwenda mbele, na njia nzima ule upepo wa safari ukija unapigana nao. Ndiyo maana nilivyozidi kukimbia ndivyo tulivyozidi kuchemka. Feni yako ya mkanda isingeweza kulifanya kosa hilo hata ingetaka. Hii ya umeme, ukibadilisha nyaya mbili tu, hugeuka mwendo wala haikuambii.

Nilizivua zile nyaya kwa meno na kisu cha kumenyea maembe. Niliuchoma mkono kwenye bomba la rejeta na alama ninayo. Nilipozipishanisha feni ilisimama, ikakohoa, ikashika upande wa pili. Nikatoa kitambaa chako. Sikuweza kukishika kwa vidole viwili kama wewe, nilikishika kwa mikono yote. Kikavutwa. Kikaganda kwenye wavu.

"Lanwa?" Mama akauliza.

"Lanwa, Mama."

Tulingoja mshale ushuke, yeye akivuta tasbihi, mimi nikivihesabu vichaka vyote vilivyotikisika, na vyote vilikuwa vinatikiswa na upepo. Kisha nikawasha. Mpaka Garsen mshale haukupita nusu.

Sasa jicho moja la Mama limefanyiwa kazi na limefungwa bandeji, itatolewa kesho kabla hatujaondoka. Jana jioni nilimwambia kwamba nikifika salama Mokowe naliuza lori, kwa kuwa mtu mwoga kama mimi hana haki ya kubeba roho za watu. Nilimwambia si kila mtu ni Baba. Alicheka mpaka shangazi Rukia akaja kumkanya asijitikise jicho.

"Babako?" akasema. "Babako alikuwa mwoga kukushinda wewe. Wajua kile kitambaa alianza lini? Siku uliyozaliwa. Hata usiku wa kuamkia safari hakuwa akilala, akigeuka kitandani mpaka adhana. Asubuhi akitoka nde ateka na watu, awataniya, hakuna ajuae. Wewe alikuwa akikuteka na kukutaniya kwa kuwa kwako alijiona yeye."

Nilifikiria vile vidole viwili, nilivyodhani vimetulia. Sikuwahi kuvitazama kwa karibu.

"Kwa shujaa huenda kilio, kwa mwoga huenda kiteko," Mama akasema. "Miaka yote ile ya msitu ule, na babako amefia wapi? Kitandani mwake, na mkono wake mkononi mwangu. Wewe wadhani ni bahati?"

Baba, kwa nini hukuniambia? Nimekaa miaka hii yote nikidhani woga wangu ni kasoro niliyoiokota njiani. Nimekasirika kidogo, nakuambia kweli, halafu nimelia kidogo, na shangazi akaniletea chai bila kuuliza.

Kesho asubuhi tunarudi. Njia ni ile ile, msitu ni ule ule. Nyaya nimezifunga upya na nimezikagua leo mara tano, na mara ya tano nilikuwa naogopa kama ya kwanza. Feni hii haitanguruma, kwa hiyo sitakusikia tena nikiwa usukanini, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Lakini nimegundua jambo. Feni yako ulikuwa ukiipima papo hapo. Hii lazima ningoje. Lazima niiache injini ipate moto, nisimame mbele ya wavu na kitambaa chako mkononi, muda wote huo, mpaka iamke yenyewe. Mama atakuwa ameshapanda, ananitazama kwa jicho lake moja jipya. Watu watapita wataniona nimesimama mbele ya lori nimeshika tambara, watacheka, na mimi nitawatania. Mikono itatetemeka, na sitaondoka pale mpaka livute.

Lala salama, Baba. Wewe umeshafika.

Mwanao mwoga,
Shee