Filamu Uliyoisafisha

Mwigobero, Musoma
3 Juni 2024

Mwanangu Amini,

Assalaam alaykum. Mimi nipo, magoti yananisumbua kama kawaida yake, lakini asubuhi nashuka mwaloni kwenye mitumbwi mwenyewe. Wewe na mkeo mnaendeleaje huko Bunda? Nauliza kwa karatasi kwa sababu tangu tumzike baba yako Butiama hupokei simu zangu. Nimepiga mpaka aibu imenishika mimi mpigaji.

Nakutumia filamu ya kamera yangu kwa kondakta wa basi la asubuhi, imo kwenye kikopo chake. Picha thelathini na tano ni za wateja wangu wa hapa mwaloni, wale wanaosema picha ya simu unaiangalia siku moja, ya karatasi inakaa ukutani mpaka wajukuu. Ya thelathini na sita, ya mwisho kabisa, ni ya baba yako. Nilimpiga wiki mbili kabla hajatutoka, na hakuna nyingine tuliyo nayo ya siku zile ambayo yeye mwenyewe aliikubali.

Duka lako ni la picha, kwa hiyo isafishe wewe. Isafishe vizuri, polepole, usiikwaruze.

Shangazi yako,
Sabiha


Bunda
8 Juni 2024

Shangazi,

Waalaykum salaam, na shikamoo. Sisi wazima, hofu ni kwako na hayo magoti.

Filamu nimeipata na nimeisafisha kama ulivyoagiza. Nimeuvuta utepe nje ya duka penye jua zuri, nikaufuta kwa pamba na spiriti, pande zote mbili, taratibu. Hamna kitu. Ni utepe mtupu, rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Nilipochoka kuvuta nikaukata kwa mkasi, nakurudishia humu kwenye bahasha. Shangazi, hiyo kamera imekufa, na wewe bado unawasimamisha watu mbele yake.

Tena nimekasirika, sitaficha. Mimi mtoto wake wa kumzaa nilimtolea simu nimpige picha pale kitandani, akageukia ukutani. Mara tatu. Wewe ukaja na hilo dude la tangu harusi yako, akakubali. Nilikosa nini? Nikiona namba yako ikiita nawaza hilo hilo, ndiyo maana sipokei.

Mwanao,
Amini


Mwigobero, Musoma
11 Juni 2024

Amini,

Salamu utazikuta mwishoni, nikishapoa.

Umeifuta kwa spiriti? Juani? Una duka limeandikwa STUDIO mlangoni kwa herufi nyekundu, na hujui kwamba kusafisha filamu ni kuitia dawa gizani ndipo picha itokee? Mwanga ukiigusa kabla ya dawa, imekwisha. Umeniulia harusi ya Consolata. Umeniulia mahafali ya binti wa Wanzagi. Niwaambie nini watu hawa, kwamba mpiga picha mwenzangu aliwapangusa kama sahani? Kamera haijafa, wewe ndiye umeua. Na mimi nina sehemu yangu, maana nilidhani kila duka la picha lina dawa, kumbe siku hizi lina kompyuta tu.

Umeuliza ulikosa nini, nakujibu. Ile picha uliyompiga hospitali, amelala, mpira puani, uliirusha kwenye kundi la ukoo kabla hata hajaamka. Pole zikaja mpaka kutoka Tarime. Baba yako, kaka yangu Kudura, fundi cherehani, akaniambia, "Nilikuwaga nawavalisha watu Butiama nzima, leo wananiona na fulana."

Nilipotoa kamera yangu aliuliza picha itaenda wapi. Nikamwambia haiendi popote mpaka mtu aisafishe. Akasema, "Basi subiri." Akaagiza lile koti alilokuwa anakushonea wewe, akalivaa na chaki zake na pini zake, mkono mmoja haujaungwa. Akajiweka sawa, akatulia. Nilipomaliza akasema, "Hiyo mpe Amini aisafishe." Nami nikakupa.

Sasa sikiliza. Utepe wako nimeupima kwa futi ya kushonea ya baba yako, nikaulinganisha na filamu mbovu niliyo nayo. Upana wa kiganja haupo. Hukuvuta yote. Filamu ikirudishwa kikoponi, picha ya mwisho ndiyo inayokaa ndani kabisa. Kikopo kiko wapi? Usikifungue. Usikifute. Mpelekee fundi Machibya kule Mwanza, yeye bado ana dawa na chumba cha giza.

Mkeo msalimie. Wewe bado.

Shangazi yako,
Sabiha


Mwigobero, Musoma
19 Juni 2024

Amini,

Leo siku ya nane. Kondakta anaapa kwamba barua alikupa mkononi. Magoti yangu yapo, usiyaulize. Kikopo kiko wapi?

Shangazi yako


Bunda
6 Julai 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini umepoa, na kama bado, una haki.

Kikopo nilikuwa nimekitupa kwenye boksi la karatasi za kuchoma. Barua yako ilinikuta boksi liko uani, limeshamwagiwa mafuta ya taa. Nimekitoa kwa mikono yangu. Sikukuandikia kwa sababu niliogopa kukuahidi kitu halafu nikakuharibia mara ya pili. Nimeenda Mwanza mwenyewe, nikakaa nje ya mlango wa Machibya nikisikia maji yanamwagika, mpaka alipofungua.

Kuhusu lile kundi, ni kweli. Nilikuwa nawaomba watu dua. Fulana sikuiona.

Picha imetoka, nakutumia moja. Mkasi wangu ulipita karibu mno, kwa hiyo upande mmoja mwanga umekula bega na ule mkono wa koti ulioungwa, pamebaki weupe. Upande unaoonekana ni ule usio na mkono, na chaki unaweza kuihesabu mstari kwa mstari. Baba anatazama mbele kabisa, na uso wake una hasira kidogo ya mtu anayengoja nijieleze. Nimeitundika dukani, juu ya kompyuta.

Jana Onesmo wa duka la jirani alikuja kwa picha za pasipoti, akaiona. Akaniuliza na mashine zote hizi kwa nini nisiufute ule weupe, nikamalizia na mkono wa koti, kazi ya dakika mbili. Shangazi, nilimfokea mpaka watu wa stendi wakasogea mlangoni. Nilimwambia, "Weupe huo ni mimi. Na mkono huo baba hakuumaliza. Wewe ni nani uumalize?" Ameondoka bila picha.

Simu yako nitapokea. Na lile koti, kama bado liko Butiama, nalitaka vile vile lilivyo, na pini zake. Ukimpa kondakta, andika juu ya mfuko kwa herufi kubwa, asije mtu wa nyumbani kwangu akalipokea vibaya: LISISAFISHWE.

Mwanao,
Amini