Simu Niliyopokea Mwenyewe

Mume wangu,

Huku hatujambo. Kile kifupa bandia nilichowekewa ndani ya sikio kimekubali. Nasikia hata bomba la jikoni likidondosha maji.

Jana dada yangu alipiga simu, nikapokea mwenyewe. Akauliza, "Leo umekubali kuongea na mimi?"

Miaka yote ya uziwi wangu, simu zake ulipokea wewe. Mimi uliniambia hana nafasi ya kuja. Yeye ulimwambia sitaki kumwona. Jana tulipolinganisha maneno yako, alilia. Mimi nilishindwa hata kulia, kwa hasira.

Kesho anahamia hapa, atalala upande wako wa kitanda. Ukirudi utatueleza sote wawili kwa pamoja, na safari hii jibu liwe moja.

Mkeo, mpaka siku hiyo.