Kapu la Taka la Chumba cha Tano

Mshauri mpendwa, wiki iliyopita ulimwambia mama mmoja amwamini mwalimu, hukuuliza hata mwalimu gani, aibu kwako mtu mzima. Naomba msaada, ila usinipe maneno ya asali. Mimi shule niliishia darasa la pili, na katika nchi hii tuliyohamia mwaka juzi nafagia shule anayosoma mjukuu wangu, na mfagiaji hadanganyiki, maana kapu la taka la chumba cha kwanza, cha watoto wa rika lake, kila jioni limejaa hesabu zilizokosewa na kurudiwa, la chumba cha tano, cha mjukuu wangu, lina gundi na vipande vya karatasi za rangi, binti wa miaka kumi na miwili anakata maua kama wa chekechea, na humo ndani ni watoto wa wageni watupu. Nikimuuliza mwalimu anatabasamu: "Bibi, huku hawapati shida." Nani kamwambia tunaogopa shida? Sasa imekuja fomu, ikisainiwa Ijumaa mtoto anabaki chumba hicho mpaka amalize shule, na udaktari anaoutaka ndiyo basi tena. Mwanangu, mama yake, ameshashika kalamu. "Mama, mkono usioweza kuukata, ubusu." Mimi nimebusu ya kutosha. Mtoto mwenyewe anaendelea kukata maua, namshuku keshapazoea. Fomu nimeificha kwenye ndoo ya deki, chini ya matambara. Nimekosea?

Bibi wa Ufagio

Bibi, umenichapa na nimekubali, niliandika haraka. Sasa zamu yako. Fomu iliyo ndooni haimwokoi mtu. Ijumaa ikipita kimya, watamwacha hapo hapo alipo, na mlango utakuwa umeufunga wewe. Makapu yote umepekua, mtoto hujamuuliza neno. Walimpima lini hata wakampanga chumba hicho? Kama ni mwezi ule mlioingia, hajui hata kuomba maji kwa lugha yao, basi walipima ulimi, si akili. Na mwalimu huyo huenda anawahurumia tu. Huruma ya namna hiyo nayo inapoteza watoto.

Toa fomu, ianike ikauke. Leo kabla hujamwaga kapu la chumba cha kwanza, okota karatasi moja ya maswali, mkalishe mjukuu mezani ayafanye mbele ya mama yake. Kesho nendeni watatu, wewe uache ufagio nyumbani, mkaombe apimwe upya na jibu mpewe kwa maandishi. Karatasi hiyo ichukue. Akiyaweza, iweke mbele ya mwalimu mkuu. Yakimshinda, iweke vilevile, umwambie: haya ndiyo mumfundishe.