Gari la Mwalimu

Kwako Dada Sikio,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Nataraji zitakufikia ukiwa mzima, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Sisi huku hatujambo. Wifi yako mzima, ila anasema amechoka kulala juu ya viti viwili vya gari nilivyovisukuma uvunguni. Baba naye anakula vizuri na ubishi wake haujapungua hata chembe. Macho ndiyo vile vile. Mwanga wa dirisha anautambua, zaidi ya hapo hakuna.

Barua yako nimeipata. Unasema unakuja mwisho wa mwezi ujao na kwamba, kabla hata hujafungua sanduku, utafungua kwanza boneti ya gari la baba. Nilifurahi, halafu nikakosa raha siku nzima. Wifi yako akaniambia mficha uchi hazai, basi niketi nikuandikie. Ile barua yangu ya mwanzo wa mwaka, niliyokuambia kwamba kazi imekwisha na baba ameketi ndani ya gari akacheka, haikuwa ya uongo wote. Kucheka alicheka.

Nianze mbali kidogo, univumilie. Unakumbuka baba alivyokuwa akisawazisha zile kabureta mbili ili zivute hewa sawa. Kigari chenyewe cha Kiingereza, viti viwili, paa hakina, na kila wiki kinataka kubembelezwa. Wewe ulikuwa unashika kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, unasikiliza upepo unavyoingia. Kisha unahamia ya pili. Baba anageuza skrubu kidogo kidogo mpaka useme zinavuma sawa. Ndipo alipokupa jina la Sikio. Mimi kazi yangu ilikuwa kupokeza spana, nikaitwa Spana, na mpira ule sikuwahi kupewa. Nilikuwa na wivu, dada. Leo nakiri.

Gari lilikaa chini ya turubai miaka kumi na moja. Nilipolifunua, sakafu ilikuwa imeliwa na kutu hadi unaona ardhi, na panya walikuwa wamezaa ndani ya dashibodi. Nilifanya kazi kila nilipotoka kutengeneza mafriji ya watu. Nilikata mabati, fundi wa kuchomelea akaunga, nikapiga msasa mpaka vidole vikakosa alama. Rangi peke yake ilinichukua miezi mitatu. Nilipata kipande cha kijani cha asili nyuma ya taa, mahali jua halikufika, nikampelekea fundi rangi. Alichanganya mara tisa, na mara zote nane za mwanzo nilikataa. Alisema hajawahi kumwona mteja msumbufu kama mimi. Ukiweka gari kando ya ile picha ya baba na mama wakiwa ndani yake, huoni tofauti.

Injini ndiyo iliyonishinda. Kuwaka iliwaka, lakini ilikohoa, ikatoa moshi, ikazima. Nilichezea zile skrubu wiki sita, na mpira sikioni, na sikusikia chochote zaidi ya upepo. Wifi yako alinishauri nikamuulize baba. Alikuwa ameketi barazani, hatua kumi na tano kutoka bandani, akinisikia nikihangaika. Kuuliza si ujinga, najua. Lakini nilitaka limshtukize likiwa zima, na zaidi ya hapo sikutaka aniambie, kama zamani, kwamba Spana apishe, aitwe Sikio.

Ulikuwa umeniandikia nisibadilishe kitu. Nikabadilisha. Niliweka injini ya kisasa kutoka kwenye gari lililogongwa, na gia zake. Nilipoonja utamu wa kazi hiyo sikujua pa kuachia. Usukani wa mbao nikaweka mdogo wa ngozi. Viti nikaweka vipya vinavyokumbatia mgongo. Swichi ya ufunguo nikaweka kitufe. Kila aliyepita alisimama kusifu, nami kichwa kikavimba. Injini ya zamani ilikuwa inaziba njia, nikampa mnunuzi wa vyuma chakavu pamoja na kabureta zake.

Siku yenyewe nilimshika baba mkono nikamketisha. Alipapasa usukani, akapapasa kiti, akatafuta ufunguo mahali pake akakuta bati tupu. Nilibonyeza kitufe. Injini ikawaka mara moja, kimya kimya, bila hata kukohoa. Baba akainamisha kichwa, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akacheka, akasema inanguruma kama friji zangu.

"Injini nzuri," akasema. "Hili gari la nani?"

Dada, nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Uso wake ulikuwa umetulia, wa mtu anayemsifu jirani.

"La mwalimu, baba," nikamjibu. "Lako bado liko kwa fundi."

Hilo ndilo nililokuficha. Nililitengeneza lile gari kwa ajili ya macho, na mwenye gari hana macho. Kitu pekee nilichokirudisha vile vile kilivyokuwa ni rangi.

Tangu siku hiyo kila Jumapili namzungusha mtaani, na kila tukirudi ananituma nimshukuru mwalimu kwa kutuazima gari lake. Mwalimu mstaafu wa watu, jirani yetu mwenye baiskeli tu, alikutana na baba getini siku moja akaambiwa uso kwa uso kwamba gari lake zuri ila limezidi ukimya. Alishukuru kwa kigugumizi, na siku hizi anapitia njia ya nyuma. Tulicheka na wifi yako.

Na kila Jumapili baba ananiuliza lake limefikia wapi. Ule mpira ameuosha kwa sabuni anautembeza mfukoni mwa shati. Anasema ni wako, ukija ushike upande wako, yeye atageuza skrubu kwa vidole, haihitaji macho. Nilikwenda kwa yule mnunuzi wa vyuma. Injini alikwisha kuivunja kwa nyundo na kuipeleka kuyeyushwa. Alinionyesha mahali ilipokuwa, doa la oili. Majuto ni mjukuu, dada, na wa kwangu ameshajua kutembea. Viti na usukani nimevihifadhi, naweza kuvirudisha. Sauti siwezi.

Sikuombi unisaidie kumdanganya, wala sikuombi umwambie wewe. Nitamwambia mwenyewe Jumapili hii, kabla hatujatoka. Nimekuandikia kwanza ili nisipate njia ya kurudi nyuma. Ukifika ukanikuta sina pa kuuweka uso wangu, ujue ni kwa sababu hiyo. Boneti utaikuta haijafungwa.

Wifi yako anakusalimu sana, anauliza kama utapenda chumba cha mbele au cha uani. Mwalimu naye anakusalimu, kwa mbali. Nami nakuombea safari njema.

Nilikuwa nimeshamaliza, lakini baba amesikia kalamu, akauliza namwandikia nani. Nilipomwambia, akasema nikufikishie neno, nami naliandika kama alivyolitamka: "Mwambie asije na haraka. Gari halijaisha, lakini Spana anajitahidi, asimgombeze."

Ni mimi mdogo wako,
Spana