Mama Mkwe na Moyo wa Mwanangu

Shoga Yawen, nimejifungua, lakini nina hasira kweli!

Tangu asubuhi nilikuwa nimefungwa mkanda wa kupima mapigo ya moyo wa mtoto. Mama mkwe anasonya tu: "Moyo unaenda mbio hivyo? Jike hilo."

Ghafla ukaanza kwenda polepole. Polepole, Yawen! Mashine inalia, manesi wanakimbia. Yeye je? Akapiga makofi! "Sasa umetulia! Nilijua tu ni dume!"

Mtoto anakufa tumboni, bibi yake anapiga makofi! Na mume wangu Guohao, mtu mzima, akacheka naye!

Nimepasuliwa. Ni msichana, mzima, analia.

Ile supu ya mzazi, ya kuku na ufuta, aliyoniletea mama mkwe, arudi nayo kwake Tainan, akamnyweshe Guohao, dume lake.