Nta ya Baba na Saa ya Kirusi

Tarehe 4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na ile dawa ya kuchua unaitumia au unaiangalia tu? Mimi ni mzima, ila tangu juzi sijamaliza sahani hata moja ya chakula, na sababu ni kazi yako.

Unayakumbuka masanduku ambayo hospitali yenu ilituruhusu tuyachunguze? Vipande mia saba vya nta, kila kimoja kina kijinyama cha mgonjwa ndani yake. Baba, ndani ya namba 214 nimekuta kirusi cha Ukimwi. Lebo inasema 1958, wakati ugonjwa wenyewe haujapewa hata jina. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nimeungua.

Nikasoma herufi za vinasaba vyake. Kirusi hiki kinapojinakili hukosea, kama mwanafunzi anayenakili ubaoni kengele ikiwa imeshalia, na makosa hayo hujilimbikiza kwa mwendo unaokadirika. Tukilinganisha kirusi cha zamani na cha leo, tunaweza kurudi nyuma mpaka karibu na siku kilipotoka kwa sokwe kikaingia kwa binadamu. Hiyo ndiyo saa yetu. Tatizo ni kwamba kwa makosa yake, kirusi cha 214 kinaonekana ni cha 1970 hivi, si 1958. Profesa wangu anasema ama saa yangu ni mbovu, ama lebo inadanganya. Lebo zile mlikuwa mnaziandikaje?

Mwanao mdadisi.


Tarehe 20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linanikumbusha kila asubuhi kwamba lipo. Mama yako anakusalimu. Anasema mtu anayefurahia ugonjwa mpaka akaacha kula, huyo naye ni mgonjwa.

Hongera kwa ulichokipata. Lakini huyo profesa mwambie taratibu. Nimekaa chumba cha nta miaka thelathini na nne, hata madaktari wakawa wananiita Bwana Nta, na siku ya kustaafu nilisifiwa mbele ya watu kwamba sijawahi kupoteza kipande wala kuchanganya lebo. Kagua saa yako.

Baba yako.


Tarehe 2 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mwambie mama sahani sasa naimaliza, ila kwa kujilazimisha.

Saa nimeikagua. Nimeijaribu kwa virusi ishirini ambavyo miaka yake haina ubishi, na haikunidanganya. Kisha nikaiweka lebo ya 214 chini ya kioo cha kukuzia. Ile nne ina mkia uliopinda, sawasawa na uliyokuwa ukiniandikia kwenye madaftari ya shule. Baba, mwaka 1958 ulikuwa na miaka kumi.

Ni wewe uliyetufundisha kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sikuhukumu, nauliza tu. Mwisho wa Juni profesa anafunga orodha ya vipande vya utafiti. Tusipoijua historia ya 214 kitaondolewa, na saa yangu itaondoka nacho, pamoja na miaka minne ya kazi. Nijibu, hata kwa mstari mmoja.

Mwanao.


Tarehe 25 Mei

Mwanangu,

Salamu zako zilinifikia, aibu ndiyo iliyonizuia kuzijibu. Kila siku mama yako aliniuliza kama nimeshamjibu mtoto. Leo asubuhi kaniwekea kalamu na karatasi mahali pa chai, na chai yenyewe sijaiona mpaka sasa.

Mwaka 1970 nilikuwa na miezi mitatu kazini. Niliambiwa nisafishe kabati la vipande vya zamani. Ili nipate nafasi mezani, nikapandisha trei mbili juu ya tanuri la kuyeyushia nta, moja ya 1958 na moja ya mwaka ule, nikatoka kidogo. Niliporudi nta imekuwa uji, lebo za karatasi zinaelea. Vipande ishirini na tatu. Nilifunga mlango nikavigandisha upya, nikaandika lebo mpya kwa kufuata madaftari ya hospitali ya miaka ile miwili. Ini nalijua, figo naijua, pafu halijifichi; ishirini na moja nilivipatia. Viwili vilinishinda. Vyote ni tezi za shingo, vyote vya watu waliokonda mpaka wakafa, na madaftari yote mawili yanasema maneno yale yale: sababu haijulikani. Nikabahatisha, hiki 214 cha 1958, hiki 87 cha 1970.

Nilikuwa nimeoa juzi tu, nikaogopa kufukuzwa, nikanyamaza. Baada ya hapo nikawa makini kupita kiasi, watu wakadhani ndivyo nilivyozaliwa. Saa yako imenikamata, mwanangu, na ukweli ni kwamba nimefurahi kukamatwa. Kitafute 87. Kama nilibahatisha vibaya, mgonjwa wa 1958 yumo humo.

Baba yako.


Tarehe 24 Juni

Baba yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena. Vumilia mwandiko, naandika mbiombio kwa furaha.

87 kilikuwa sandukuni. Hatukukigusa kwa kuwa lebo yake ya 1970 haikututamanisha. Nilikikata mwenyewe, vipande vyembamba, kama ulivyonifundisha jikoni kwa kipande cha sabuni. Kirusi kimo. Sikumtajia profesa namba, nilimpa herufi tupu akokotoe. Akatoka ofisini mwake na karatasi mkononi: "Hiki ni cha 1958, ukizidisha sana 1959. Mmekipata wapi?" Nikamsomea barua yako. Akaketi kwenye kiti changu, akaomba niisome tena.

Sasa nina vipande viwili badala ya kimoja. Na saa iliyomkamata Bwana Nta, nani ataibishia? Tumeyafuata matawi ya ukoo wa virusi hivyo viwili kurudi nyuma, na yanakutana mwanzoni mwa karne iliyopita, kabla hata babu hajazaliwa. Miaka yote hiyo kilitembea kimyakimya, mtu kwa mtu, mpaka kikafika kwenye trei yako.

Katika ripoti lazima nieleze lebo zilivyobadilishana. Nitaandika "mfanyakazi mmoja", jina sitalitaja. Naomba ruhusa yako.

Mwanao.


Tarehe 9 Julai

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba tena. Mama yako alishamsomea jirani barua yako kabla mimi sijaimaliza.

Ruhusa sitoi. Andika jina langu lote, pamoja na la babu yako, wasije wakadhani ni mtu mwingine. Nimesifiwa kwa uongo miaka thelathini na nne. Siku moja ya kulaumiwa kwa ukweli haitaniua.

Jana nilijikokota na goti langu mpaka hospitali. Nilimweleza kila kitu binti aliyepo chumba cha nta siku hizi, kisha akamwita mkuu wa maabara, nikaeleza upya. Wakaniletea yale madaftari mawili. Nikazungushia 214 na 87, nikaandika pembeni kilichotokea, nikatia tarehe na sahihi. Halafu nikaomba niongeze maneno mawili kwa penseli kwenye ile mistari, mbele ya palipoandikwa "sababu haijulikani". Mkuu akanipa penseli yake.

Nimeandika: sasa inajulikana.

Baba yako.